Mashabiki waliokataa kuizika ‘John Carter’

Tarehe 19 Machi 2012, kampuni ya Walt Disney iliwatangazia wawekezaji kwamba filamu yake mpya, John Carter, ingeitia hasara ya dola milioni 200 hivi. Filamu hiyo ilikuwa na siku 10 tu katika majumba ya sinema ya Marekani. Watazamaji wa Japani walikuwa hawajaiona kabisa, maana zamu yao ilikuwa Aprili. Vyombo vya habari vililidaka tangazo hilo, na tangu siku hiyo jina la John Carter halikosi kutajwa kila filamu ya fedha nyingi inapobuma.

Mashabiki walichachamaa. Si wote walioipenda filamu kwa kiwango kimoja, lakini wengi wao waliuliza swali lile lile: inakuwaje mwenye mali awe wa kwanza kutangaza kwamba mali yake haina mnunuzi, hali wanunuzi bado wanapanga foleni? Kwenye Facebook likazaliwa kundi lililotaka kurudishwa Barsoom, jina la sayari ya Mirihi katika hadithi hiyo, na kudai sehemu ya pili itengenezwe. Maelfu wakajiunga. Wapo waliorudi ukumbini mara ya pili na ya tatu, wakiwavuta ndugu na marafiki, angalau tiketi ziongezeke.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa muda mrefu, na naamini watu wale walikuwa na hoja nzito kuliko hesabu ya tiketi. Walikataa wikendi moja ya Machi iwe ndiyo hukumu ya kazi ambayo watu walikuwa wameingoja karibu miaka 100.

Miaka hiyo 100 si maneno ya kutia chumvi. Mwaka 1911, mjini Chicago, Edgar Rice Burroughs alikuwa na miaka 35, amejaribu kazi nyingi na zote hazikumpeleka mbali. Wakati huo alikuwa katika biashara ya vichongeo vya penseli. Akaanza kuandika kisa cha mwanajeshi wa zamani wa Virginia anayekimbilia pangoni huko Arizona, anapoteza fahamu, kisha anazinduka Mirihi. Huko nguvu ya uvutano ni ndogo, kwa hiyo mtu wa duniani anaruka juu kama panzi na kupiga kwa nguvu ambazo hakuwa nazo kwao. Kuna majitu ya kijani yenye mikono minne, miji miwili mikubwa inayopigana, na binti mfalme Dejah Thoris, ambaye hamwogopi mtu. Jarida la All-Story lilianza kukichapa kisa hicho kwa mfululizo Februari 1912, na mwaka 1917 kikatoka kama kitabu. Mfululizo mzima ulifika vitabu 11.

Wakati huo watu wengi walikuwa tayari kuamini kwamba Mirihi ina wakazi. Mwanaastronomia Percival Lowell alikuwa ameandika vitabu akidai kwamba mistari aliyoiona kwa darubini ni mifereji, iliyochimbwa na viumbe wenye akili kusafirisha maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari. Burroughs aliichukua Mirihi hiyo inayokauka akaijaza watu. Ndoto ile ilidumu mpaka Julai 1965, chombo Mariner 4 kilipotuma picha za karibu na kuonyesha mashimo na ukame mtupu. Lakini wasomaji hawakuwaacha watu wa Barsoom. Carl Sagan, mwanasayansi aliyewafundisha mamilioni habari za anga, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alisimama nje usiku, akainyooshea Mirihi mikono na kuomba ichukue na yeye. Ray Bradbury alikiri deni lake kwa Burroughs. George Lucas na James Cameron nao hawakuficha kwamba wamechota katika kisima hicho.

Sinema ndiyo iliyochelewa. Mwaka 1936 mchoraji Bob Clampett alikuwa na vipande vya majaribio vya katuni ya John Carter, lakini studio ya MGM haikuendelea nayo. Kama ingeendelea, huenda katuni ya Mirihi ingeitangulia hata Snow White ya mwaka 1937. Baadaye haki zikazunguka: Disney wakawa nazo, zikaenda Paramount, waongozaji Robert Rodriguez, Kerry Conran na Jon Favreau wakapokezana mradi bila kupiga picha hata moja, kisha mwaka 2007 zikarudi Disney. Aliyezishika safari hii alikuwa Andrew Stanton, mwongozaji wa Finding Nemo na WALL-E. Stanton aliijua Barsoom tangu utotoni kupitia vitabu vya katuni vya Marvel. Alikuwa shabiki kabla hajawa mwongozaji, na mashabiki walilijua hilo, ndiyo maana matumaini yao yalikuwa makubwa kiasi kile.

Wasomaji wa Burroughs hawajawahi kuwa watu wa kukaa kimya. Mwaka ule ule wa 1912 jarida lile lile lilichapa hadithi yake ya Tarzan, na ndani yake mwandishi, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliweka chui milia katika msitu wetu. Wasomaji wakamsahihisha, na kitabu kilipotoka mwaka 1914 mnyama yule alikuwa amegeuzwa simba jike. Kabla ya intaneti, kabla hata ya redio kuingia majumbani, walikuwepo wasomaji waliomrekebisha mwandishi naye akasikia. Warithi wao wa mwaka 2012 hawakusikilizwa.

Walikuwa wameanza kupiga kelele mapema. Filamu ilipotangazwa iliitwa John Carter of Mars. Kisha neno Mirihi likaondolewa. Mwaka mmoja kabla, Machi 2011, Disney walikuwa wametoa katuni Mars Needs Moms iliyogharimu dola milioni 150 na kukusanya milioni 39 tu, na wengi waliona hapo ndipo hofu ya jina la sayari ilipoanzia. Stanton mwenyewe alieleza kwamba neno binti mfalme, lililomo katika jina la kitabu, lingewafukuza wavulana, na neno Mirihi lingewafukuza wasichana. Mwisho likabaki jina la mtu ambaye msomaji wa Burroughs anamjua lakini mpita njia hana habari naye. Anayefanya kazi benki anaweza kuitwa John Carter. Mwalimu wa hesabu pia. Jina lile halikumwambia mtu chochote kuhusu majangwa mekundu, meli zinazoelea angani wala vita vya mapanga. Linauma zaidi hili: filamu inapokwisha, maandishi ya mwisho kwenye skrini yanasoma John Carter of Mars. Stanton alitaka mtu huyo astahili jina hilo baada ya safari yake, na wazo ni zuri, lakini waliolisoma ni wale tu waliokwisha kulipa kiingilio na kukaa mpaka mwisho.

Trela ya kwanza, ya Julai 2011, ilikuwa ya polepole na ya huzuni, na aliyeitazama bila kujua vitabu hakuelewa ni filamu ya aina gani. Zilizofuata zilionyesha masokwe weupe wakubwa na uwanja wa mapambano, zikaacha kueleza steringi ni nani na anatafuta nini. Mashabiki walilalamika pia kwamba matangazo hayakuwakumbusha wazazi kuwa hii ni kazi ya mtu aliyewaliza watoto wao kwa Finding Nemo.

Ndipo wakafanya jambo ninaloliheshimu kuliko yote katika kisa hiki. Februari 2012, wiki chache kabla ya onyesho la kwanza, mashabiki walichukua vipande vilivyokwisha kutolewa na studio, wakavipanga upya na kutengeneza trela yao wenyewe. Trela yao ilieleza mambo mepesi ambayo matangazo ya mamilioni yaliyapita: kwamba hadithi hii ina miaka 100, kwamba nyingi tunazozipenda zimetoka kwake, kwamba yupo mtu aliyepoteza kila kitu duniani na akapata sababu ya kuishi mahali pengine. Stanton aliiona akaisifu hadharani. Mmoja wa walioshiriki kampeni hiyo, mtengenezaji filamu Michael D. Sellers, baadaye mwaka huo huo alitoa kitabu kizima, John Carter and the Gods of Hollywood, akichambua hatua kwa hatua jinsi filamu ilivyouzwa vibaya.

Kutoeleza asili ya hadithi kulileta madhara ambayo hakuna tangazo lingeweza kuyafuta. Vijana waliokulia Star Wars na kuitazama Avatar mwaka 2009 waliingia ukumbini, wakaona uwanja wa mapambano wenye wanyama wa kutisha, mgeni anayeingia katika kabila la viumbe warefu na kumpenda binti wa huko, wakatoka wakisema imeigwa. Ni kama mtu kumwona babu njiani kwa mara ya kwanza akamlaumu kwa kujifananisha na mjukuu. Mashabiki walijaribu kueleza nani alimtangulia nani, lakini maelezo ya namna hiyo hayafui dafu mbele ya mtu aliyekwisha kununua tiketi na kuchoka.

Sasa tuzitazame hesabu, maana nazo zina mambo yake. Wikendi ya kwanza nchini Marekani, kuanzia Machi 9, filamu ilipata dola milioni 30, ikashindwa na katuni The Lorax iliyokuwa katika wiki yake ya pili. Mwisho wa safari ilikuwa imekusanya milioni 73 Marekani na zaidi ya milioni 200 nje, jumla milioni 284 hivi. Msomaji atauliza hasara imetoka wapi ikiwa iligharimu milioni 250 hivi. Jibu ni kwamba fedha ya tiketi haiendi yote kwa studio. Wenye kumbi hubaki na karibu nusu, na katika nchi kama China sehemu inayorudi kwa mtengenezaji ni ndogo zaidi. Juu ya gharama za kutengeneza kuna za kutangaza, ambazo kwa filamu za ukubwa huu hufika mamilioni mengi. Kwa mpango huo, filamu iliyojaza kumbi za Urusi kuanzia siku ya kwanza bado iliweza kuhesabiwa mfu.

Lakini ilikuwa nzuri? Hapa nitasema ninavyoona. Ina kasoro, na shabiki anayekataa hilo haisaidii. Inaanza mara tatu: kwanza vita vya angani Mirihi kati ya watu tusiowajua, kisha New York ya mwaka 1881, kisha Arizona ya mwaka 1868. Burroughs alianza duniani na kumwacha msomaji agundue Mirihi pamoja na Carter. Filamu ilimnyima mtazamaji mshangao huo. Majina yanamiminika, Helium, Zodanga, Thark, Thern, kabla mtu hajajua nani ni adui na nani ni rafiki. Wakosoaji waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Watazamaji wa siku ya kwanza waliohojiwa na CinemaScore waliipa B+, alama ya filamu iliyopendwa na wengi wa walioiona.

Na lipo tukio moja ambalo kwangu linatosha kuitetea. Carter, aliyekwisha kuapa kutopigania watu wowote tena, anabaki nyuma ili wenzake watoroke, na kundi kubwa la majitu ya kijani linamjia. Anapiga upanga, na kila pigo linakatizwa na picha nyingine: yeye huyo huyo duniani, miaka ya nyuma, akirudi kukuta nyumba imeungua, akichimba kaburi la mkewe na binti yake. Upanga na koleo vinapishana. Muziki wa Michael Giacchino unaomboleza badala ya kupiga ngoma za ushindi. Mwishowe anazama chini ya miili na damu ya buluu, na mtazamaji anaelewa kwamba mtu huyu hakuwa anapigana na maadui tu. Sijaona mara nyingi filamu ya bajeti kubwa ikiyaunganisha mapigano na msiba kwa namna hiyo. Mashabiki waliotaja tukio hilo tena na tena walikuwa wanajua wanachokitetea. Walimtaja pia Dejah Thoris wa Lynn Collins, mwanasayansi na mpiga upanga kwa pamoja, na Woola, mnyama mwaminifu asiye mzuri wa sura anayemfuata Carter kila aendako.

Kuna mahali mashabiki walipotoka nje ya mstari. Oktoba 2012 Disney walipotangaza kuinunua Lucasfilm, wenye Star Wars, kwa dola bilioni 4.05, wapo waliosema hapo ndipo siri ilipofichuka: John Carter iliuawa kwa makusudi ili kupisha njia. Hakuna ushahidi wa hilo, na kampuni haitupi mamia ya mamilioni ili kusafisha uwanja. Sababu ninayoiamini ni ya kawaida zaidi. Dick Cook, mkuu wa studio aliyeupokea mradi, aliondoka Septemba 2009. Aliyemrithi, Rich Ross, alitoka upande wa televisheni na kuikuta filamu tayari iko njiani. Mkuu wa matangazo aliondoka Januari 2012, miezi miwili kabla ya onyesho la kwanza. Filamu ikafika sokoni bila mtu mwenye madaraka aliyeiona kuwa yake. Ross mwenyewe alijiuzulu Aprili 20 mwaka huo huo. Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ambako bosi mpya hupokea miradi ya bosi wa zamani, jambo hili halihitaji njama.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wasomaji wa Afrika hatuwezi kulipita. John Carter wa vitabuni ni nahodha wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, upande uliopigania utumwa uendelee, na mtunzi wake ndiye aliyelichora bara letu kama pori la kumlea Mzungu mmoja wa ajabu. Filamu ililipunguza makali kwa kumfanya Carter mtu aliyechoshwa na vita vya kila upande, lakini haikulifuta. Naipenda hadithi hii nikilijua hilo, na nadhani kuipenda kwa macho wazi ni bora kuliko kujifanya halipo.

Huku kwetu filamu nyingi kama hizi hazikutujia kupitia wikendi ya kwanza. Zilikuja kwa diski na kwa vibanda umiza, nyingine zikiwa zimesimuliwa upya kwa Kiswahili, kazi aliyoijengea jina msimulizi Lufufu pale Dar es Salaam. Mtazamaji wa kibandani hamuulizi mtu filamu ilikusanya kiasi gani Marekani. Anauliza kama ni kali. Shilingi anazolipa haziingii katika hesabu ya studio yoyote, na maoni yake pia hayaingii, ingawa mara nyingi yeye ndiye anayeitazama filamu miaka mingi baada ya waandishi wa biashara kuisahau. Hata Marekani kwenyewe, diski za John Carter zilipotoka Juni 2012, ziliongoza mauzo katika wiki yao ya kwanza. Kumbe watu walitaka kuiona.

Historia iko upande wa wanaosubiri. Blade Runner ilitoka Juni 1982 ikafunikwa na E.T., na walioihesabu kwa tiketi waliihesabu kuwa imeshindwa. Mwaka 1993 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Sisemi John Carter ina uzito wa Blade Runner, haina. Nasema kwamba wasimamizi wa studio mwaka 1982 walikuwa na uhakika ule ule uliotangazwa Machi 2012, na muda ukawakosoa.

Sehemu ya pili haikuja. Mwaka 2014 haki za hadithi zilirudi kwa kampuni ya familia ya Burroughs, na Stanton akawaonyesha mashabiki majina na nembo za filamu mbili alizokuwa amezipanga, Gods of Mars na Warlord of Mars. Yeye alirudi Pixar akatengeneza Finding Dory, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja mwaka 2016. Taylor Kitsch, aliyecheza Carter, alipata pigo jingine Mei 2012 kwa Battleship, filamu nyingine ya gharama kubwa iliyoshindwa. Kundi la Barsoom halikupata lilichokiomba, na kwa kipimo hicho mashabiki walishindwa.

Naomba wasomaji wasilipe neno la “imebuma” uzito lisioustahili. Linaeleza mkataba wa matangazo, tarehe ya kutoka, mabadiliko ya wakuu wa ofisi na bei ya tiketi. Halielezi kilichomo ndani ya filamu. Ukiikuta John Carter mahali, itazame uvumilie zile dakika 20 za mwanzo, ufike mpaka kwenye pambano la upanga na koleo, uamue mwenyewe. Ukiipenda, mwambie mtu mwingine kwa nini.